Shajara ya mradi: kuhamisha watu 34 kwenye ofisi ya mita 240, Mikocheni

Naandika hii kwa ajili ya wenzangu wanaosimamia ofisi, wale mnaotumwa na bosi "fanya ofisi iwe ya kisasa" halafu hakuna fundi wala msanifu wa kukushika mkono. Sisi ni ofisi ya uhasibu Dar, tunatunza vitabu na kutengeneza mishahara ya wateja. Mi ni meneja utawala, si injinia, kwa hiyo mambo ya ujenzi nayaeleza nilivyoyaelewa. Bei zote ni tulizolipa sisi, kwako zinaweza kuwa tofauti.

16 Oktoba 2023

Mkataba wa pango unaisha mwezi wa tatu. Tuna mita za mraba 380, bosi anataka kurudisha upande mmoja tubaki na 240, maana tangu 2020 watu wanafanya kazi nyumbani siku kadhaa kwa wiki na anapita anaona viti vitupu. Pango ni dola 9 kwa mita, ukirudisha mita 140 ni dola 1,260 kila mwezi, na mwaka huu dola zenyewe ni adimu.

Wazo lake ni hili: meza 20, hakuna mwenye meza yake, bomoa kuta zote, weka vioo. Ameona picha.

Nimeomba kitu kimoja kabla ya kubomoa. Dada wa mapokezi aweke daftari, kila siku aandike nani kaingia, saa ngapi, anakaa anafanya nini: simu, kikao, hesabu za kimya, au kuonana na mteja. Gharama yake ni daftari la shilingi 3,000.

8 Desemba 2023

Daftari limeongea. Wastani ni watu 19 kwa siku. Bosi kaona 19 akafurahi, si unaona, meza 20 zinatosha na moja inabaki. Nikamwambia ageuze kurasa. Tarehe 5, 6 na 7 za mwezi tunafika 30 na kitu. Tarehe 18 hadi 20 hivyo hivyo. Kwa mhasibu wa Tanzania hiyo haihitaji maelezo, PAYE na SDL (kodi ya mishahara na tozo ya kuendeleza ufundi) mwisho tarehe 7, ritani ya VAT mwisho tarehe 20, kwa hiyo siku hizo hakuna wa kukaa nyumbani, kila mtu anataka kuwa karibu na mwenzake amuulize "hii invoisi ya mteja fulani umeipata?" na majibu yaje hapo hapo. Katikati ya mwezi unaweza kucheza mpira humu ndani.

Kitu cha pili sikukitegemea kabisa. Kuna siku zinajaa bila kuwa na tarehe yoyote ya TRA, mpaka nilipoweka daftari pembeni ya ratiba ya mgao wa umeme ndo nikaelewa. Siku ya mgao Tabata na Kimara, watu wa Tabata na Kimara wako ofisini saa moja asubuhi. Mvua kubwa ni kinyume chake, mtu wa Mbezi hatoki, na mtu wa Mwananyamala anakuja kwa sababu kwake maji yameingia ndani. Yaani mtu hachagui siku ya kuja ofisini kwa kuangalia kalenda ya kampuni, anaangalia LUKU, mawingu na watoto wa jirani wanavyopiga kelele. Miongozo mingi ya ofisi za siku hizi inachukulia kwamba nyumbani ni mahali patulivu penye umeme na intaneti, na ofisini unaenda kwa ajili ya kuonana na watu. Kwetu nusu ya watu wanakuja ofisini kutafuta utulivu.

Hiyo imebadilisha mchoro wote. Tulikuwa tunapanga ofisi ya maongezi, kumbe tunahitaji ofisi ya kimya yenye sehemu chache za maongezi.

Kuhusu kubomoa kuta nilimpelekea bosi utafiti wa Ethan Bernstein na Stephen Turban wa 2018. Walifuatilia makao makuu ya kampuni mbili kubwa zilizotoa kuta zikawa wazi, wafanyakazi wakavalishwa vifaa vya kupima nani anaongea na nani. Mazungumzo ya ana kwa ana yalishuka kwa karibu asilimia 70 na barua pepe zikaongezeka. Mtu akijua anasikika na wote anavaa hedifoni anaandika meseji. Bosi kasoma, kakaa kimya, kesho yake kaniambia "basi weka na vyumba". Hilo nimeliita ushindi.

Makubaliano: meza 22 za kudumu, meza 6 za kukunja kwenye chumba kikubwa cha mikutano kwa ajili ya siku za kujaa, vyumba viwili vidogo, vibanda viwili vya simu. Jumla viti 28 na vingine vichache vya sehemu ya chai. Hatutoshi wote 34 kwa siku moja, ila kwenye daftari lote siku iliyojaa kuliko zote tulikuwa 31, na siku zote kuna wawili watatu wako kwa wateja.

22 Januari 2024

Karatasi. Hapa ndo mradi ulitaka kufa.

Huwezi kumwambia mhasibu "kaa meza yoyote" wakati mafaili ya wateja wake yako kwenye kabati nyuma ya meza yake. Sheria ya usimamizi wa kodi inataka nyaraka zitunzwe miaka 5, na sisi tulikuwa na makabati ukutani mwanzo mpaka mwisho. Wiki ya kwanza ya majaribio tulifunga makabati tukasema kila mtu achukue anachohitaji asubuhi, arudishe jioni. Ndani ya siku chache mafaili yakawa chini ya meza, kwenye mifuko, na mmoja wetu nilimkuta parkingi anatoa faili la mteja kwenye buti la gari. Baadaye nikasoma kwamba kampuni ya matangazo ya Chiat/Day kule Los Angeles ilifuta meza binafsi miaka ya 1990, na wafanyakazi wake nao wakaishia kuhifadhi makaratasi kwenye buti za magari. Miaka 30 iliyopita! Bara jingine, kazi nyingine, buti lile lile.

Dawa tuliyotumia: skana ya kulisha karatasi nyingi, 2,900,000, na vijana wawili wa mkataba waliolipwa jumla 3,200,000. Tulianza na risiti za EFD (zile za mashine ya kodi) kwa sababu zile karatasi zinafutika maandishi, kuna za 2021 zilikuwa tayari nyeupe kabisa, na hapo ndo hata wale wazee wetu wa karatasi wakakubali. Mafaili yaliyoskaniwa ya miaka ya nyuma yameenda stoo ya chini. Ya mwaka huu yamebaki kwenye makabati manne katikati ya ofisi, yamepangwa kwa mteja. Zamani yalipangwa kwa mhasibu. Hiyo ya kupanga kwa mteja haina gharama na imesaidia kuliko skana, kwa sababu mtu akiwa nyumbani mwenzake analipata faili bila kumpigia.

Ushauri: msinunue meza kabla hamjamaliza karatasi. Sisi tulichelewa kuagiza meza tukalaumiwa, sasa hivi naona ilikuwa bahati.

Loka: 34 za bati, 95,000 kila moja, jumla 3,230,000. Kipimo tulichompa fundi kilitosha laptopu na faili la boksi. Helmeti haiingii. Wenye pikipiki wanazipanga juu ya loka na hapo juu pamekuwa kama sokoni, ila bado sijaona sababu ya kutumia hela tena.

19 Februari 2024

Kuta za vyumba viwili vidogo na chumba cha mikutano: fremu za chuma, jipsamu pande zote mbili, rokuwuli katikati (ile pamba ya mawe inayouzwa kwa mabunda), milango ya mbao yenye kioo kidogo. 9,400,000 pamoja na ufundi. Kwa macho kazi safi.

Siku ya kukabidhi tulifanya jaribio. Mmoja aliingia chumba A akasoma mshahara wa kubuni kwa sauti ya kawaida, mimi nikakaa chumba B. Nikasikia namba zote mpaka senti. Fundi akasema "dada hiyo ni kwa sababu vyumba havina vitu, mkiweka meza itaisha". Tukaweka meza. Haikuisha. Akasema mlango. Tukabandika mpira wa kuziba kuzunguka mlango na brashi chini, ikapungua kidogo, bado unasikia maneno.

Tatizo lilikuwa juu. Ukuta ulijengwa ukaishia kwenye siling ya vigae vyepesi, ile ya kuning'inia. Juu ya siling kuna uwazi wa karibu sentimita 60 hadi kwenye zege, na uwazi huo ni mmoja kwa ofisi nzima. Sauti inapanda, inapita kwenye kigae cha siling ambacho ni chepesi, inatembea juu ya ukuta, inashuka upande wa pili. Ukuta unaweza kuwa mnene unavyotaka, kama unaishia pale ni kazi bure. Nimeongea na watu wa ofisi nyingine wawili watatu, wote wana tatizo hilo hilo na wote waliambiwa waweke meza.

Marekebisho: kufungua vigae vya siling juu ya kila ukuta, kupandisha jipsamu mpaka zege, kuziba kwa silikoni pembeni na mahali nyaya na mabomba ya AC yanapopita. 1,150,000. Ingefanyika tangu mwanzo nakadiria isingefika nusu ya hiyo. Mkiandika mkataba na fundi andikeni maneno haya: "ukuta uanzie sakafu ya zege uishie zege ya juu". Msiandike "mpaka juu", kwa fundi "juu" ni siling.

Kwetu hili si suala la raha tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023, na sisi kutwa tunaongea mishahara ya watu. Kwa sababu hiyo hiyo monita za meza za mishahara zimegeuzwa kuangalia ukuta, na hakuna anayepita nyuma yake.

18 Machi 2024

Vibanda vya simu. Vilivyotengenezwa nje vinauzwa bei ya gari la mkononi kwa hiyo tukaenda Keko, kwa mafundi seremala, mmoja akatutengenezea viwili vya mbao na MDF, ndani mita 1 kwa 1.1, urefu 2.2, kuta na dari zimejazwa rokuwuli, mlango wa kioo. 2,300,000 kimoja.

Sauti: vizuri sana. Joto: balaa. Ni karibu mita za ujazo 2.4 tu za hewa, imefungwa, na mtu aliyekaa anatoa joto la kama wati 100, ongeza laptopu. Kikao cha Zoom cha nusu saa mtu anatoka shati limelowa na kichwa kinamuuma, kwa sababu hewa yenyewe aliyoitoa ndo anaivuta tena.

Jaribio la kwanza la fundi lilikuwa kutoboa matundu chini ya mlango na juu nyuma. Hewa ikapita kidogo, sauti ikapita yote. Jaribio la pili tukaweka feni ya kutolea hewa ya chooni, hewa safi lakini mlio wake mteja wa upande wa pili anauliza uko kwenye bajaji? Jaribio lililokubali: feni mbili za kompyuta za milimita 120, zinazunguka polepole, zimefungwa juu zikivuta hewa kutoka ndani. Hewa ya kuingia inapita chini kwenye kisanduku cha mbao chenye kona mbili, ndani kimebandikwa rokuwuli iliyofunikwa kitambaa. Hewa inakata kona, sauti nyingi inamezwa njiani. Na kibanda tumekisogeza AC ikipuliza ipulize karibu na tundu la kuingilia, maana feni ikivuta hewa ya joto inakuletea joto lile lile. 280,000 kwa vyote viwili. Feni inawaka mlango ukifungwa, swichi ya mlango wa friji, fundi aliitoa kichwani mwake mwenyewe na nimempa hongera.

Ramadhani imeanza wiki iliyopita na imetuonyesha kitu kingine. Mchoro haukuwa na sehemu ya kuswalia. Zamani watu walitumia kona ya upande tuliourudisha, hakuna aliyewahi kuiandika popote kama chumba, kwa hiyo haikuhamishwa. Sasa kila adhuhuri chumba B kinachukuliwa na vikao vinagongana. Tumekubaliana chumba B hakiwekewi kikao kuanzia saa sita na nusu hadi saa nane, na alasiri nusu saa, kabati dogo la mikeka limewekwa mle, na kioo cha mlango kina pazia. Pazia hilo hilo linamsaidia mama anayenyonyesha anayekamua maziwa. Mkihesabu matumizi ya ofisi msihesabu kazi tu.

15 Aprili 2024

Tumeanza kukaa rasmi upande huu baada ya Idi. Malalamiko ya kwanza: mwangwi. Sakafu ya vigae, madirisha ya kioo, jipsamu, hakuna kitu laini humu. Piga kofi moja katikati unasikia inarudi trrr.

Watu walileta mapendekezo ya trei za mayai. Hazifanyi kazi, zinameza sauti nyembamba kidogo sana, za maongezi zinazirudisha. Sponji ya godoro inameza kiasi lakini inashika moto haraka na moshi wake ni sumu, hiyo sikuitaka ofisini.

Tulitengeneza paneli 26 sisi wenyewe Jumamosi: fremu ya mbao yenye kina cha sentimita 5, ndani rokuwuli, juu kitambaa, ukutani kwa urefu wa kichwa cha mtu aliyekaa, na nane zimening'inizwa juu ya meza. Vaeni glavu na barakoa, ile pamba inawasha. Kuhusu kitambaa: weka mdomoni upulize, hewa ikipita kirahisi kinafaa. Kanga ilipita, kitenge kizito chenye nta kiligoma. Kwa hiyo ukuta wa mashariki sasa una kanga na mafumbo yake, na mteja mmoja kasimama mbele ya "Wache waseme" kabla ya kikao cha ukaguzi akacheka mpaka akakaa. Jumla 1,768,000, yaani 68,000 kwa paneli.

Meza 22 kutoka Keko 5,720,000, za kukunja 6 kwa 840,000. Hazina droo, kwa makusudi. Droo ikiwepo ndani ya wiki meza ina mwenyewe.

14 Mei 2024

Umeme. Jenereta ya jengo inabeba lifti, korido na pampu ya maji tu, na kelele za kijenereta chetu cha petroli cha balkoni zinafuta faida yote ya zile paneli za kumeza sauti. Tumenunua inveta ya kVA 5, 2,100,000, na betri ya lithiamu ya volti 48 ampea 100, 3,900,000. Hesabu: laptopu 20 kwa wati 50 ni 1,000, monita 20 kwa 25 ni 500, taa za LED na ruta kama 400. Jumla wati 1,900. Betri ina kilowati-saa 4.8, ukitoa hasara unapata saa mbili na ushee. Mara ya kwanza umeme ulipokatika tukapata chini ya saa moja na nusu. Birika la chai! Wati 2,000, limechomekwa kwenye soketi yoyote, na mtu mwingine na pasi yake ya nywele. Ikabidi tuvute nyaya upya: soketi nyekundu ziko kwenye betri, nyeupe haziko, breka mbalimbali, na jikoni na AC hakuna nyekundu hata moja. 1,350,000. Tukaongeza betri ya pili, 3,900,000, sasa tunakaa saa nne.

Halafu jana. Nyaya za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika Jumapili tarehe 12, Jumatatu nchi nzima intaneti inachechemea. Nilitegemea ofisi itakuwa tupu. Ilijaa! Kwa sababu mafaili yale tuliyoyaskani yako kwenye kompyuta ya kutunzia data humu humu ndani, na programu ya mahesabu iko hapa hapa, na VAT ni wiki ijayo. Aliyekuwa nyumbani hakuwa na kitu. Meza za kukunja zilifunguliwa zote na wawili walikaa sehemu ya chai. Bosi alikuwa ameshaanza kusema tuhamishie kila kitu kwenye wingu, leo hajalitaja. Mpango wa sasa: nakala wingu, ya kufanyia kazi ibaki ndani. Laini ya pili ya intaneti kutoka mtoa huduma mwingine imefungwa, 450,000, ingawa siku kama ya jana hata yenyewe isingetuokoa, inasaidia pale nguzo ya mtaani inapogongwa na lori.

2 Julai 2024

Tumevuka 30 Juni, siku ya mwisho ya ritani za kodi ya mapato kwa wateja ambao mwaka wao unaishia Desemba. Wiki nzima ya mwisho tulikuwa kati ya 29 na 32. Watu walikaa, hakuna aliyesimama, lakini siku ya 32 chumba cha mikutano kiligeuka ofisi na wateja wawili walipokelewa kwenye mgahawa wa chini. Hilo halijatatuliwa. Nimependekeza wiki za mwisho wa Juni tukodi chumba nje kwa siku, bosi anataka meza za kukunja ziongezwe, na mimi najua hazina pa kukaa.

Vibanda viwili havitoshi, foleni inaanza saa tatu asubuhi. Cha tatu kimeagizwa Keko kikiwa na feni tangu mwanzo.

Meza "zisizo na mwenyewe" zina wenyewe. Daftari la mapokezi bado lipo na linaonyesha watu kumi na kitu wanakaa pale pale kila siku. Mwanzoni nilikuwa nawahamisha, nimeacha, maadamu jioni meza inabaki tupu na mwingine akiwahi anakaa bila ugomvi.

Jumla mpaka leo 44,788,000. Pango lililookolewa kwa bei ya dola ya sasa ni kama milioni 3.3 kwa mwezi, kwa hiyo hela inarudi ndani ya miezi 14 hivi, ukiacha kibanda cha tatu. Nitaongeza ingizo kibanda kikifika, na vipimo vya kile kisanduku cha hewa kwa wanaotaka kumpelekea fundi wao.